Mhimili Si Boriti: Istilahi za Mashine na Fundi wa Murera

Mjadala kuhusu istilahi za sayansi na teknolojia katika Kiswahili ni wa miaka mingi, na aghalabu umejikita katika neno moja: kompyuta. Wapo walioshikilia ngamizi, wapo waliopendelea tarakilishi, na watumiaji wengi wakaendelea kusema kompyuta bila kujali. Kelele hizo zimewafanya wengi waamini kwamba tatizo la istilahi ni tatizo la majina ya vifaa. Makala haya yanashikilia kuwa sivyo. Jina la kifaa halimdhuru mtu. Madhara yamo katika maneno ya kueleza namna kifaa kinavyofanya kazi, na mfano wa kufaa ni mashine ndogo za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, zile ambazo mafundi huziita CNC.

Chukua fundi kijana wa Murera, wadi ya eneo bunge la Juja katika ukanda wa Ruiru na Thika, anayetaka kujiundia mashine ya kuchonga nakshi kwenye milango. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichoanza kama chuo cha kati mwaka 1981, ni jirani yake. Kichuma cha fremu anakijua kuliko wahandisi wengi. Mota na parafujo ndefu anaweza kuzinunua. Bodi ya Arduino, iliyobuniwa Italia mwaka 2005, si ghali. Programu ya Grbl, iliyoanzishwa na Mnorwe Simen Svale Skogsrud mwaka 2009, hutolewa bure. Asichonacho ni maelezo anayoweza kuyafuata.

Maelezo yenyewe si magumu. Mota za mashine hizi huenda kwa hatua. Mota ya kawaida hukamilisha mzunguko mmoja kwa hatua 200, yaani nyuzi 1.8 kwa kila hatua. Kidhibiti kikiigawa kila hatua mara 16, mzunguko mmoja huwa na vihatua 3,200. Ikiwa parafujo husogeza meza milimita 8 kwa kila mzunguko, basi kila milimita moja ni vihatua 400, na hiyo ndiyo nambari ambayo Grbl huambiwa kwa kila mhimili. Fundi akibadilisha parafujo, akaweka ya milimita 4 bila kubadilisha nambari hiyo, mashine itakwenda nusu ya mwendo ulioagizwa. Nakshi ya sentimita 40 itatoka sentimita 20 kwa upande huo, na ubao wa mvule utakuwa umekwisha kuharibika.

Hapa ndipo neno mhimili linapoleta utata. Katika jiografia na hisabati hutumiwa kwa maana ya mstari wa kuwaziwa: dunia huzunguka kwenye mhimili wake. Lakini maana ya asili, na ndiyo anayoijua mjenzi, ni mti au chuma kinachobeba uzito wa jengo. Sasa, juu ya meza ya mashine hii hupita chuma cha kukingama kilichobeba kichwa cha kukatia. Mwambie fundi asogeze mhimili wa Y, naye atakitazama chuma hicho. Huenda ikawa sawa, huenda isiwe, kwa kuwa katika mashine nyingine chuma hutulia na meza ndiyo inayosogea. Mhimili unaokusudiwa ni mwelekeo wa mwendo, si kitu cha kushikwa. Suluhisho si kubuni neno jipya la kigeni masikioni. Mhimili libakie la mwelekeo, na chuma kile kiitwe boriti au, kwa wanaopenda msamiati wa paa, mtambaapanya. (Neno hili la mwisho linakifaa kifaa hicho ajabu, kwani kichwa cha kukatia hutambaa juu yake kutwa nzima.)

Neno hatua, kwa upande mwingine, halihitaji kamati. Mota hizi hazina macho: huagizwa hatua, na kidhibiti huamini kwamba zimetembea. Kisu kikikwama kwenye fundo la mti, mota hukosa hatua kadhaa, ilhali kidhibiti kinaendelea kuhesabu kana kwamba hakuna lililotokea. Kuanzia hapo kila kinachokatwa kimehama. Kusema kwamba mota “imekosa hatua” kunaeleweka papo hapo Murera, Mombasa hata Morogoro. Vivyo hivyo kwa parafujo iliyolegea, ambayo “inacheza” kila mota inapogeuza mwelekeo. Kiswahili ni lugha iliyokuwa na kitenzi kukereza kwa kazi ya kuzungusha mti na kuuchonga kabla ya kompyuta kufikiriwa. Haianzi sifuri.

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza ndicho lugha ya mashine, na fundi ajifunze hicho. Hoja hii haina mashiko. Mashine haijui Kiingereza. Agizo la G1 X40 Y25 F600 linaiambia iende moja kwa moja, kwa kasi ya milimita 600 kwa dakika, hadi kwenye nukta ambapo X ni 40 na Y ni 25. Hakuna neno la lugha yoyote humo. Fauka ya hayo, tangu toleo la 1.1, Grbl haitoi onyo kwa maneno bali kwa nambari, na maneno hubandikwa na programu ya kompyuta inayoizungumzia. Kiingereza kimo katika jedwali la kurasa chache tu.

Jedwali hilo lingeweza kutafsiriwa na chama cha wanafunzi wa Kiswahili kwa muhula mmoja, mradi watafsiri waketi karakanani na si maktabani pekee. Waanze na kengele, ambazo ni chache tu katika toleo hilo. Ya kwanza ina maana kwamba mashine imegusa swichi ya kikomo, yaelekea imepoteza hesabu ya mahali ilipo, na irejeshwe mwanzo wake kabla ya kukata tena. Kwa sasa fundi asiyesoma Kiingereza huiona kama “1”, huzima, huwasha, na kuendelea kukata.