Nyavu zinachomwa ziwani, zinauzwa sokoni

Kila mara mvua inapokaribia, mambo ni yaleyale kando ya maziwa ya Haut-Lomami. Viongozi wanafika kwenye kambi ya wavuvi, wanarundika nyavu za matundu madogo na kuzichoma moto mbele ya watu. Picha zinapigwa. Kesho yake nyavu za namna ileile ziko sokoni, na muuzaji hajaulizwa neno. Huko si kulinda samaki. Ni kumwadhibu mwenye mtumbwi na kumwacha mwenye duka.

Tazama majira yenyewe. Wakati wa kiangazi maji ya Upemba na Kisale yanashuka. Samaki wanasongamana ndani ya mifereji na vidimbwi katikati ya mafunjo, hata mtu asiyejua kazi anaweza kujaza kapu. Halafu mvua za kwanza zinanyesha, maji yanaingia kwenye nyasi za kando, na kambale wanatoka usiku kwenda kutaga humo, mahali maji hayapiti magoti. Tilapia wa Upemba naye anabeba mayai na watoto mdomoni. Ukimvua mama huyo leo, umevua na wale wa mwaka kesho. Wazee wa ziwa wanajua hayo bila kufundishwa na mtu. Makaburi ya Sanga, yaliyochimbwa mwaka 1957 kando ya Kisale, yanaonyesha kwamba watu wanaishi na maji haya kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Basi kwa nini ulinzi unasubiri? Jirani Zambia, kule Mweru na Luapula, wanafunga uvuvi tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari. Ni vizuri kufunga. Lakini kwenye maziwa yetu, mvua ikianza Oktoba, wiki nyingi za hatari zinapita kabla ya Desemba. Mdomo wa mfereji umekwisha kuzibwa kwa uzio wa matete na mitego, na chandarua kimekwisha kuvutwa kwenye nyasi.

Hapo wengine wanarukia kusema: kosa ni la wahami. Neno hilo ni jepesi mno. Familia iliyokimbia vita au mafuriko inafika bila mtumbwi, bila shamba, bila wavu wa matundu makubwa ambao bei yake si ya mtu aliyepoteza vyote. Mkononi ina chandarua cha kujikinga na mbu. Baba anakivuta ziwani, usiku watoto wanalala wazi, malaria inaingia. Tena vyandarua vingi vina dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki pia. Ni kweli, kuvua hivyo kunaharibu, na hakuna sababu ya kuficha. Lakini mwenye njaa hawezi kuambiwa asubiri miezi mitatu huku hakuna aliyempa hata kilo moja ya mbegu za mahindi.

Na mama anayeuza vifungu vya samaki wadogo hapa Kamina? Wanunuzi wake ni watu wenye franka chache. Kumfukuza sokoni hakutarudisha samaki hata mmoja.

Viongozi wa jimbo waanze penye mzizi. Wakague maghala na maduka kabla ya kwenda kwenye mitumbwi. Mvua ya kwanza ikinyesha, wafunge midomo ya mifereji na nyasi za kutagia, hata kama katikati ya ziwa panabaki wazi kwa ndoana na wavu mkubwa. Machifu na wazee wa uvuvi waonyeshe mahali penyewe, wanapajua kwa jina. Msaada wa chakula na mbegu ufike kambini kabla ya tangazo la kufunga, si baada yake. Na yeyote anayepokea pesa kizuizini ili wavu upite, jina lake lisomwe mbele ya watu, palepale nyavu zinapochomwa.