Minyoo ya Farasi na Punda Waliozoea Dawa

Mwenye farasi au punda amwonapo mnyama wake amekonda, manyoya yamesimama na tumbo limefura, hukimbilia dukani kununua dawa ya minyoo. Kutafuta dawa si kosa. Lakini dawa itolewayo ovyo imeleta taabu ambayo zamani haikuwapo.

Mwaka 1966 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, Drudge na Lyons, walitoa shauri kwamba farasi wote wapewe dawa kila baada ya majuma sita hadi manane. Adui aliyekusudiwa alikuwa mnyoo mkubwa aitwaye Strongylus vulgaris. Mabuu wake hutoka utumboni wakaingia katika mishipa ya damu ilishayo matumbo, wakakaa humo miezi kadhaa. Mshipa huvimba, damu huganda, na farasi aweza kufa kwa msokoto wa tumbo. Kwa kuwa mnyoo huyo huchukua kama miezi sita kabla ya kutaga mayai, dawa ilimkatia uzazi, na katika mashamba mengi akatoweka karibu kabisa.

Nyuma yake walikuwapo minyoo wadogo wa namna nyingi, ambao mabuu wao hujificha ndani ya ukuta wa utumbo mpana. Hao ndio waliofaidika. Kila dawa ilipotolewa, wachache walioistahimili walibaki hai, na hao ndio waliozaa. Walizishinda dawa za jamii ya thaiabendazoli, iliyotokea mwaka 1961. Mahali pengi wakaishinda na piranteli. Ivamektini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1981, ilidumu na nguvu zake muda mrefu zaidi. Lakini mwaka 2020, huko huko Kentucky, iliandikwa habari ya farasi wachanga wa mbio walioletwa kutoka Ireland wakiwa na minyoo wadogo wasiokufa kwa dawa hiyo. Tangu jamii hiyo ya dawa itokee, haijapatikana jamii nyingine mpya ya kuwaua minyoo hao wa farasi.

Je, dawa iachwe kabisa? La. Denmark ilikataza mwaka 1999 kuuza dawa hizi bila cheti cha daktari wa wanyama, na farasi wakawa hawapewi mpaka kinyesi chao kipimwe. Jambo hilo lilikuwa la busara, lakini baadaye yule mnyoo mkubwa akaonekana tena zaidi katika mashamba yaliyofuata njia hiyo peke yake. Kwa hiyo wanyama wazima hupewa dawa mara moja au mbili kwa mwaka, na zaidi ya hapo hupewa wale tu ambao hadubini imeonyesha wana mayai mengi. Katika kundi, wanyama wachache ndio hutoa sehemu kubwa ya mayai yote. Watoto wana mpango wao mbali, kwa sababu ya mnyoo mnene wa utumbo, naye daktari ndiye wa kuulizwa.

Kosa kubwa la wafugaji ni kukadiria uzito kwa macho. Anayetoa nusu ya kipimo ili kuokoa shilingi chache huwafunza minyoo kuistahimili dawa. Farasi hupimwa kwa kamba: mzunguko wa kifua kwa sentimita huzidishwa kwa wenyewe, kisha kwa urefu toka ncha ya bega hadi ncha ya tako, na jumla hugawanywa kwa 11,880. Kifua cha 160 na urefu wa 140 ni kilo 302 hivi. Punda ana hesabu yake nyingine. Tena dawa ya sindano ya ng'ombe isichomwe farasi. Imepata kuleta uvimbe wa hatari.

Punda hushikwa na minyoo hao hao, ila huvumilia kimya, akaendelea kubeba maji huku kinyesi chake kikijaza mayai malishoni. Kinyesi kizolewe malishoni mara mbili kila juma, kirundikwe kipate joto, wala kisitandazwe kibichi. Ng'ombe wakilishwa mahali hapo baada ya punda hula mabuu pamoja na majani, na karibu wote hufia tumboni mwa ng'ombe bila kumdhuru. Siku 14 baada ya dawa, kinyesi kipelekwe tena kwa daktari ili mayai yahesabiwe na kulinganishwa na hesabu ya kwanza.