Anayetaka kupungua asiache maziwa, ahesabu vikombe

Katika vibanda vya chai vya Busia, Namanga na Rusumo, mfanyabiashara akishaambiwa na daktari apunguze uzito, kitu cha kwanza anachoacha ni maziwa. Chapati inabaki. Soda inabaki. Chai inageuka kuwa ya rangi, tena inaongezwa kijiko kimoja cha sukari kufidia ladha iliyopotea. Miezi miwili baadaye mizani haijasogea, naye anaanza kuamini kwamba unene wake ni wa ukoo.

Inashangaza, kwa kuwa watu hawa ndio mabingwa wa hesabu. Mtu anayebadilisha kichwani shilingi ya Uganda kuwa ya Kenya, kisha faranga ya Rwanda, hashindwi kupima kikombe.

Kikombe cha mililita 250 cha maziwa ya ng'ombe yenye mafuta yake yote kina takriban kalori 150, gramu 8 za protini na karibu miligramu 300 za kalsiamu, madini ambayo mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku. Yakienguliwa mafuta, kalori hushuka hadi chini kidogo ya 90, huku protini na kalsiamu zikibaki karibu vilevile. Protini hushibisha, na husaidia kulinda misuli wakati mtu amepunguza chakula. Kwa anayenyanyua marobota ya mitumba kila siku, misuli ni sehemu ya mtaji.

Wengine nao wamesikia kwamba maziwa yenyewe yanayeyusha mafuta mwilini. Hayayeyushi. Nchini Marekani matangazo ya namna hiyo yalisimamishwa mwaka 2007 baada ya Tume ya Shirikisho ya Biashara kuyahoji. Anayeongeza maziwa juu ya chakula kilekile ataongezeka uzito.

Basi itazamwe chai yenyewe. Kikombe kikubwa cha mililita 300, nusu maji nusu maziwa, kina kalori 90 hivi za maziwa. Vijiko vitatu vya sukari vinaongeza karibu 50. Anayesubiri lori lipite forodhani anaweza kunywa vikombe vinne kabla ya jua kuzama: vijiko 12, karibu gramu 48 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 kwa anayekula kalori 2,000. Kiwango kimekwisha, na soda haijafunguliwa.

Vikombe viwili hadi vitatu vya maziwa kwa siku vinatosha, pamoja na yale yaliyomo kwenye chai. Anayeshinda ameketi dukani au ndani ya gari abaki na viwili. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo amsikilize daktari wake kwanza.

Maziwa ya mgando ni rafiki mzuri zaidi. Kenya wanayaita mala, Uganda bongo, Rwanda ikivuguto, na tumbo linalojaa gesi kwa maziwa mabichi mara nyingi huyavumilia kwa sababu sehemu ya sukari yake ya asili imeshaliwa na bakteria. Ila yawe matupu. Yale ya vikombe vya plastiki yenye ladha ya stroberi yako karibu zaidi na peremende. Na anayepita kwenye vilabu vya maziwa vya Kigali akumbuke kwamba lita moja yenye mafuta yote inazidi kalori 600. Samli ni hesabu nyingine kabisa: kijiko kimoja cha chakula kina karibu kalori 120, bila protini ya maana.

Kenya na Uganda zimevutana juu ya maziwa mwaka 2020 na tena 2023, na mjadala ulikuwa wa vibali na soko. Mnywaji hakutajwa sana. Jumuiya inayotaka bidhaa zivuke mipaka ingeanza kwa kudai pakiti ziandike kiasi cha sukari na mafuta kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka.

Wakati huo ukingojewa, kuna jambo la kufanya asubuhi ya kesho. Baadhi ya vibanda hutia sukari ndani ya birika kabla mteja hajafika. Mteja wa kila siku aombe yake itengwe, sukari iletwe pembeni. Muuzaji atalalamika kidogo, kisha atazoea.