Mechi huahirishwa, mwenye baiskeli je?

Masika yakianza, mashabiki wa soka wanajua kinachofuata. Refa anaingia uwanjani na wasaidizi wake, anadundisha mpira katikati, mpira unazama kwenye tope kama jiwe. Anajaribu karibu na goli, mambo ni yale yale. Anateta na kamishna wa mechi, kisha mechi inaahirishwa na timu zinarudi kwenye mabasi. Hakuna anayemlaumu, maana kumchezesha mtu kwenye dimbwi ni kumtafutia kuvunjika mguu.

Lakini yupo mtu ambaye alikuwa uwanjani saa kadhaa kabla ya refa huyo kufika. Ndiye aliyechora mistari ya chokaa ambayo mvua imeifuta, akafunga nyavu, akafungua vyumba vya kubadilishia nguo. Alitoka nyumbani alfajiri, mvua ikinyesha, kwa baiskeli. Njia yake haikukaguliwa na mtu. Mechi ikishaahirishwa anarudi kwa njia ile ile, na kesho asubuhi anatakiwa awepo tena, tena kwa wakati.

Soka la nchi hii linawategemea watu wa namna hiyo kuliko linavyokubali kusema. Nyota wa Ligi Kuu wanafika mazoezini na magari, na siku ya mechi wanapanda basi la klabu lenye viyoyozi. Ukishuka chini kidogo, kwenye Championship, First League, ligi za mikoa na timu za vijana, picha inabadilika. Huko kuna kiungo anayefika mazoezini na viatu vya mpira vikiwa vimening'inia kwenye usukani. Kuna kipa anayembeba beki wake kwenye keria. Kuna wasichana wa timu za wanawake ambao nauli ya daladala kwenda na kurudi kila siku ingekula posho yote. Kuna mkata nyasi, mfua jezi, mlinzi wa geti, muuza karanga na muuza maji. Kwa wote hao baiskeli ndiyo usafiri wa kwenda kazini, mvua inyeshe isinyeshe.

Na mvua ikinyesha kwelikweli, baiskeli si usafiri wa mchezo. Nyingi ya zile zinazobeba watu kazini ni za zamani, zile nzito za rimu ya chuma na breki za vyuma. Rimu ya chuma ikilowa, mpira wa breki unateleza. Mwendeshaji anabana, gurudumu linaendelea kuzunguka kama halijasikia, na anayekuja mbele yake ni bodaboda au bajaji inayokata kona. Matone ya kwanza ya mvua nayo yanachanganyika na mafuta na vumbi lililolala juu ya lami, na dakika hizo za mwanzo barabara inakuwa kama imepakwa sabuni. Tairi likiwa kipara, habari imekwisha.

Halafu kuna maji yenyewe. Dimbwi barabarani halisemi lina kina gani. Chini yake panaweza kuwa na shimo la kawaida, au mtaro ambao mfuniko wake ulishaondoka. Mwenye gari akiingia hapo anaharibu rimu, ila mwenye baiskeli anaingia yeye mwenyewe. Maji yanayokwenda kwa kasi hayahitaji kufika kiunoni kumwangusha mtu mzima, hata yakiwa chini ya goti yanatosha. Huyu wa baiskeli ana mkoba mgongoni na macho yaliyojaa maji.

Kwa Dar es Salaam, mashabiki hawahitaji kufundishwa habari hizi. Majina mawili makubwa ya soka la nchi, Msimbazi na Jangwani, ni majina ya mto na bonde ambalo kila msimu wa mvua kubwa linafurika. Wana Yanga wanaukumbuka uwanja wao wa Kaunda, pale makao makuu, jinsi ulivyokuwa ukigeuka bwawa. Barabara ya Morogoro imefungwa mara nyingi pale Jangwani, na mabasi ya mwendokasi yamewahi kusitisha safari kwa sababu maji yamepita juu ya barabara. Basi kubwa la tani kadhaa linaambiwa lisubiri. Wakati huo huo anayetoka Magomeni au Manzese kwenda Kariakoo na baiskeli anajitafutia njia mwenyewe, maana upande wa pili kuna mtu ameshika daftari la mahudhurio.

Haya si mambo madogo. Aprili 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu wengi wa bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Mradi wa kuliendeleza bonde hilo na kujenga daraja jipya la Jangwani utasaidia, na ni jambo la kupongezwa. Lakini daraja moja halitamfikisha kila mtu kazini, na masika yajayo hayatasubiri mkandarasi amalize.

Soka lenyewe lilishajifunza kuiheshimu mvua. Sheria namba 5 inampa mwamuzi mamlaka ya kusimamisha au kuvunja mechi akiona hali hairuhusu, na wakubwa wa dunia wanaifuata. Julai 3, 1974, mjini Frankfurt, Ujerumani Magharibi na Poland zilikuwa zinawania tiketi ya fainali ya Kombe la Dunia. Mvua ikaugeuza uwanja ziwa. Mechi ikacheleweshwa kwa takriban nusu saa, zimamoto wakavuta maji kwa pampu, ndipo mpira ukachezwa na Gerd Müller akafunga bao pekee. Juni 15, 2012, mjini Donetsk, mechi ya Euro kati ya Ukraine na Ufaransa ilisimamishwa dakika chache tu baada ya kuanza, kwa sababu ya radi na mvua. Wachezaji walikaa vyumbani karibu saa nzima, wakarudi, Ufaransa ikashinda 2-0.

Kama Kombe la Dunia liliweza kusubiri, na Euro ikasubiri, mazoezi ya Jumanne asubuhi ya timu ya mkoa yanashindwaje?

Hapa ndipo penye tatizo. Katika timu nyingi, kuchelewa mazoezini ni faini, na faini haiulizi sababu. Kijana kaamka saa 10 alfajiri, kasukuma baiskeli kwenye tope, mnyororo umekatika njiani, kafika saa 12 na dakika 20 akiwa ametota chapachapa. Anaambiwa kakatwa posho ya siku. Kwa kibarua wa uwanjani ni mbaya zaidi, anaambiwa arudi nyumbani, siku yake imepotea. Matokeo yake yanajulikana. Kesho mvua ikinyesha kijana huyo hatapunguza mwendo penye dimbwi, atalipita hivyo hivyo, maana keshajifunza kwamba kuanguka ni bahati mbaya lakini kuchelewa ni hasara ya uhakika. Faini iliyowekwa kujenga nidhamu inageuka kuwa kocha wa kumfundisha mtu kuhatarisha maisha yake.

Wapo watakaosema kazi ni kazi. Watasema mchezaji anayetaka kufika mbali lazima azoee shida, na kwamba ukianza kusamehe wenye baiskeli, kesho wenye daladala nao watasingizia mvua. Hoja hiyo ina ukweli wake. Timu isiyo na nidhamu ya muda haiendi popote, na wapo wanaopenda kuifanya mvua kuwa sababu hata kama imenyesha manyunyu. Lakini nidhamu si upofu. Refa anayeahirisha mechi hajawaruhusu wachezaji kuwa wavivu. Amepima hali na kutoa uamuzi unaofanana kwa timu zote mbili. Timu inaweza kufanya vivyo hivyo kwa watu wake: ikae chini kabla ya msimu wa mvua, ikubaliane mvua ya namna gani inasogeza muda, nani anatoa taarifa, na kwa njia gani. Kanuni ikijulikana na wote, msingiziaji anaonekana mchana kweupe.

Na wala si jambo la gharama. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri na tahadhari ya mvua kubwa kabla hazijafika. Kocha msaidizi akiusoma jioni, ujumbe mmoja kwenye kundi la WhatsApp la timu unatosha: kesho mazoezi saa 3 badala ya saa 12. Asiye na simu ya kisasa apigiwe. Saa tatu hizo zinatosha mwanga kuwepo na mtu aone anakokanyaga. Kocha hapotezi kitu, kwa sababu mchezaji aliyefika amelowa, anatetemeka na misuli imekakamaa kwa baridi, ni mgonjwa wa misuli anayesubiri kuumia kwenye zoezi la kwanza la mbio.

Jambo la pili ni kibanda. Viwanja vingi vina nafasi ya kuegesha magari ya viongozi, tena yenye kivuli, lakini baiskeli zinaegemezwa ukutani, mvua inazipiga toka asubuhi hadi jioni na wezi wanazitazama. Mnyororo unashika kutu, breki zinakakamaa, na safari ya kurudi inakuwa ya hatari kuliko ya kuja. Mabati machache, nguzo nne na bomba refu la kufungia kufuli vinamaliza kazi. Pembeni pawe na kamba ya kuanikia nguo na mahali pa kubadilisha, ili mtu aanze kazi akiwa mkavu.

La tatu ni vifaa. Kila msimu klabu zinachapisha fulana za wadhamini na kofia. Mdhamini huyo huyo akiombwa makoti ya mvua na taa ndogo za baiskeli, nembo yake itaonekana barabarani kila alfajiri, sehemu ambayo fulana ya jukwaani haifiki. Hata vizibao vya mazoezi vyenye rangi kali, vile vya kugawa timu mbili, vikivaliwa juu ya koti vinamfanya mtu aonekane mapema na dereva wa lori. Si sawa na kizibao chenye riflekta, lakini ni bora kuliko koti jeusi kwenye giza na mvua.

Halmashauri nazo zina la kufanya, na kazi hiyo ni ya Februari, si ya Aprili. Mitaro izibuliwe kabla maji hayajaja na mifuniko irudishwe. Njia za baiskeli zilizojengwa kando ya barabara za mwendokasi ziachwe kuwa za baiskeli, kwa sababu leo zimejaa bodaboda na meza za biashara, na mwenye baiskeli anasukumwa arudi katikati ya magari. Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa AFCON 2027, viwanja vinajengwa na vingine vinakarabatiwa. Kwenye michoro kuna maegesho ya magari. Si vibaya wahusika wakaulizwa sasa, kabla zege halijakauka, baiskeli ya mkata nyasi itakaa wapi.

Shabiki pia asijitoe. Siku ya mechi barabara za kwenda Mkapa na Chamazi zinajaa magari yenye bendera, watu wanaimba, wana haraka. Gari likipita kwa kasi penye maji, linamwogesha mtu ambaye pengine ndiye atakayemfungulia shabiki huyo geti. Kupunguza mwendo penye dimbwi hakumcheleweshi mtu kuona mpira ukianza.

Mwenye baiskeli naye ana zamu yake. Aanze kubana breki mapema na kidogo kidogo, rimu ijifute maji kwanza. Akifika mahali ambapo maji yamefunika barabara na haoni chini, ashuke asukume, na kama maji yanakimbia, asivuke. Radi zikianza kupiga, asibaki kwenye uwanja wa wazi wala asijikinge chini ya mti uliosimama peke yake. Hakuna posho inayolingana na hilo.

Lakini ushauri huo hauna maana kwa mtu anayejua kwamba akishuka kusukuma atakatwa hela. Ndiyo maana mzigo wa kwanza uko kwa katibu wa klabu na meneja wa uwanja. Kabla ya Machi, kila timu iandike kanuni yake ya siku ya mvua, iibandike ukutani karibu na ratiba ya mazoezi, na ifute faini ya kuchelewa kwa siku ambazo tahadhari ya mvua kubwa imetolewa. Karatasi moja inatosha, na sahihi ya katibu chini yake.