Tairi Linalosugua Lisipuuzwe

Yapo malalamiko ambayo mafundi wa magari wa Butimba, na wenzao wa Nyegezi na Mkuyuni, wameyazoea kiasi cha kutoyashangaa tena. Mwenye gari amenunua matairi mapya. Baada ya siku mbili anarudi kueleza kwamba kila akikata kona husikia mkwaruzo chini ya madigadi. Mara nyingi sababu huonekana upesi: matairi aliyofunga si ya kipimo cha gari lake. Wengi hulichukulia jambo hili kuwa dogo. Sisi hatulioni hivyo, hasa tuwakumbukapo ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara na Kome, ambao safari yao ina nchi kavu na maji.

Tuanze na hesabu. Tairi lililoandikwa 195/65 R15 lina upana wa milimita 195. Kimo cha ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, na ringi yake ni ya inchi 15. Kimo chake chote hukaribia sentimita 63 na nusu. Lililoandikwa 205/70 R15 huingia katika ringi hiyo hiyo, lakini kimo chake hukaribia sentimita 67. Hapo ndipo mnunuzi anapojidanganya: kwa kuwa limeingia, hudhani limefaa. Kumbe limesogea juu kuelekea madigadi kwa zaidi ya sentimita moja na nusu, na limenenepa nusu sentimita kila upande.

Kasoro hii ina hila. Gari likiwa tupu mbele ya duka huenda lisisugue hata kidogo. Husugua lipakiwapo abiria na magunia, springi zikabonyea, au usukani ukatwapo hadi mwisho. Mambo hayo hukutana gari linapopanda au kushuka kwenye mlango wa kivuko. Gari la Ukerewe likisha kuvuka kutoka Rugezi hadi Kisorya, bado lina mwendo mrefu kupitia Bunda hadi Mwanza. La Kome huvuka hadi Nyakaliro, likapita Sengerema na Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Tairi lililochubuliwa ubavuni limepoteza mpira unaokinga nyuzi zake. Nyuzi zikikatika, tairi laweza kupasuka ghafla katika mwendo wa kasi. Na aliyemo garini huenda akawa mgonjwa anayewahishwa Bugando.

Wapo watakaosema kwamba barabara za visiwani zina mawe na tope, hivyo tairi kubwa huinua gari. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini kinachoinuka kwa tairi hupungua katika nafasi ya tairi kucheza. Wengine hukata madigadi ili mkwaruzo usisikike, ilhali tairi huweza kuendelea kusugua chuma kingine ndani. Tena gurudumu kubwa husafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko, takriban asilimia 5 katika mfano wetu, hata dereva akaenda kasi kuliko anavyodhani.

Tunawashauri wenye magari wasome kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva kabla ya kwenda dukani. Matairi ya ekseli moja yawe ya kipimo kimoja. Gari lijaribiwe likiwa na mzigo, usukani ukikatwa kushoto na kulia hadi mwisho. Ikiwa kipimo ni sahihi na bado linasugua, fundi akague springi, huenda zimechoka. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Wakuu wa Serikali nao wana sehemu yao. Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, husimamia vivuko na pia hutengeneza magari ya Serikali. Yafaa mfano mwema uanzie katika magari hayo. Askari wa usalama barabarani, wanapokagua matairi, wasiishie kutazama kashata. Wainame waone ubavu wa ndani, maana ndiko alama za kusugua hujificha. Na barabara za visiwani zikitengenezwa, haja ya kuyapandisha magari kwa matairi yasiyo yake itapungua.

Wakazi wa visiwa hawahitaji kukumbushwa gharama ya kupuuza vipimo. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilizama karibu na Ukara kikiwa kimebeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, na watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Hatulinganishi msiba ule na mkwaruzo wa tairi. Tunasema tu kwamba kipimo huandikwa ili kifuatwe, na wakati wa kukifuata ni kabla ya safari.