Kabla ya kudai Waziri Mkuu, uliza nani atamfuta kazi

Uchaguzi ukianza kunukia, hakosi mwanasiasa wa kuimba wimbo ule ule: Katiba ibadilishwe, tupate Waziri Mkuu. Wewe kijana wa Madogo, Hola au Garsen utaombwa upige makofi. Kabla hujapiga, jua unachouziwa.

Katika jamhuri ya kibunge, Rais yupo lakini kazi yake kubwa ni ya heshima. Anayeendesha serikali ni Waziri Mkuu, naye ni mbunge anayekaa kitini maadamu wabunge wengi wako nyuma yake. Wakimchoka, wanapiga kura ya kutokuwa na imani naye, na safari inaishia hapo. Nchini India, Aprili 1999, serikali ya Atal Bihari Vajpayee iliangushwa kwa kura 270 dhidi ya 269. Kura moja tu!

Kenya haijawahi kuishi hivyo. Jomo Kenyatta alipokuwa Waziri Mkuu mwaka 1963, mkuu wa nchi alikuwa Malkia wa Uingereza. Tulipokuwa jamhuri Desemba 12, 1964, cheo hicho kikafutwa na Kenyatta akawa Rais mwenye mamlaka. Kilirudi 2008 kupitia mkataba wa amani, akakishika Raila Odinga, ila Rais Mwai Kibaki akabaki mkuu wa serikali. Mswada wa BBI, uliozimwa na Mahakama ya Juu Machi 2022, nao ulitaka Waziri Mkuu wa kuteuliwa na Rais. Hicho ni kiti cha ziada mezani, si mfumo mpya.

Sasa tuulete nyumbani. Mwaka 2022 ulipewa karatasi sita za kura. Kwenye mfumo wa kibunge, huenda ile ya Rais isingekuwepo. Mkazi wa Madogo angechagua serikali ya kitaifa kupitia mbunge wa Bura, basi.

Faida ipo. Mafuriko yalipokata barabara ya Madogo kwenda Garissa mwishoni mwa 2023, kisha tena Aprili 2024, waziri husika si mbunge, maana Katiba ya 2010 inakataza. Huitwa bungeni kujibu maswali, kisha anarudi kwa bosi wake, Rais. Katika mfumo wa kibunge angekuwa anaketi humo humo, akijua waliomuuliza swali wanaweza kuipeleka serikali yake nyumbani.

Hasara nayo ipo. Jirani zetu Ethiopia wana mfumo huo. Mwaka 2018 Hailemariam Desalegn alijiuzulu, na Abiy Ahmed akawa Waziri Mkuu bila raia kupiga kura yoyote. Chama kilichagua, bunge likaidhinisha, wananchi wakatangaziwa.

Na kuna hili, ambalo vijana mnalikumbuka vizuri. Juni 25, 2024, mkiwa barabarani, wabunge 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha, 106 wakaukataa. Kesho yake Rais akasema hatatia sahihi. Yaani aliyerudi nyuma ni Rais, si wabunge. Kwenye mfumo wa kibunge, wale 195 ndio wangekuwa na uwezo wa kuiangusha serikali. Unadhani wangeiangusha?

Ndiyo maana tunasema mfumo wa kibunge hauwezi kuwa bora kuliko wabunge wenyewe. Ukimchagua mbunge kwa sababu ya fulana na mia mbili, halafu ukamkabidhi na kazi ya kuchagua mkuu wa serikali, umeuza vitu viwili kwa bei ya kimoja.

Kwa hivyo mheshimiwa akija na wimbo wake, muulize maswali matatu. Huyo Waziri Mkuu atachaguliwa na nani? Nani ataweza kumfuta? Na Rais atabaki na mamlaka gani? Akijikanyaga kwenye la pili, jua anatafuta kiti, na kura yako ndiyo ngazi.