Uchambuzi: Regulata ya mzamiaji si ya kufungulia mezani nyumbani

Mwanza. Mkuyuni, kama mitaa mingine ya kando ya Ziwa Victoria, ukitaja “regulata” watu wanafikiria ile ya mtungi wa gesi ya kupikia. Ikivuja, mtu anabadilisha mpira, anapaka povu la sabuni kuona kama bado inatoa mapovu, kisha anaendelea kupika.

Ipo regulata nyingine ambayo wengi hawajawahi kuishika, ila siku chombo kikizama ndiyo inayoamua nani ataokolewa. Ni ile ya mzamiaji. Je, nayo inaweza kurekebishwa nyumbani?

Jibu fupi: kuosha, ndiyo. Kufungua, hapana, kama huna mafunzo, spea zake halisi na kipimo cha mgandamizo.

Inafanyaje kazi

Mtungi wa mzamiaji hujazwa hewa ya kawaida iliyosindiliwa hadi karibu mara 90 ya upepo wa tairi la gari dogo. Hakuna pafu linaloweza kupokea hewa hiyo moja kwa moja.

Regulata huipunguza nguvu mara mbili. Sehemu ya kwanza hufungwa kwenye mtungi. Ya pili hukaa mdomoni, na hutoa hewa pale tu mtu anapovuta pumzi. Ndani kuna springi, oringi na kipande kidogo cha plastiki kinachoziba njia ya hewa.

Kipande hicho kikichubuka, hewa hupenya kidogo kidogo mpaka sehemu ya mdomoni inaanza kuimwaga yenyewe. Mtungi wa kutosha nusu saa unaweza kuisha kwa dakika chache.

Kosa la fundi wa nyumbani

Hapo ndipo mtego ulipo. Fundi anaona hewa inavuja mdomoni, anakaza skrubu ya sehemu ya pili, kelele zinaisha. Mezani inaonekana imepona. Lakini tatizo liko sehemu ya kwanza, na bila kipimo halionekani. Mzamiaji akishuka, anakuta hewa ni ngumu kuvuta, au uvujaji unarudi akiwa chini.

Grisi ya gereji nayo haifai. Inaharibu baadhi ya oringi, na panapotumika mchanganyiko wenye oksijeni nyingi inaweza kuwaka.

Ziwa Victoria lina mambo yake pia. Maji hayana chumvi, lakini tope na mchanga laini huingia kwenye vali ya kutolea pumzi, kisha maji yanapenya. Halafu ziwa liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Majedwali ya kupanda juu yaliyotengenezwa kwa ajili ya baharini hayatumiki huku bila kurekebishwa.

Kazi ya nyumbani ni hii: funga kifuniko cha sehemu ya kwanza, loweka kwenye maji safi, usibonyeze kitufe cha hewa ikiwa majini, kausha kivulini, kagua mipira ya hewa kama ina nyufa. Basi. Watengenezaji wengi hutaka fundi aliyesomea aikague angalau mara moja kwa mwaka.

Funzo la Bukoba

Kwa nini hili liwahusu watu ambao hawatazamia hata siku moja? Jibu liko Bukoba. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyobeba watu 43 ilianguka ziwani ikijiandaa kutua. Watu 19 walifariki. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao.

Ripoti ya awali ya uchunguzi ilieleza kwamba boti ya uokoaji ilipofika, mitungi ya wazamiaji haikuwa na gesi ya kutosha na boti yenyewe ilikuwa na upungufu wa mafuta. Wazamiaji walikuwepo. Kilichokosekana ni maandalizi.

Miaka minne kabla, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya watu 220. Siku mbili baadaye, wazamiaji walimtoa fundi wa kivuko hicho akiwa hai. Alikuwa amejibanza sehemu iliyobaki na hewa. Siku ile vifaa vilifanya kazi, na mtu mmoja akarudi nyumbani.

Nani aulizwe?

Mwanza kuna mradi wa kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji chini ya TASAC. Majengo na boti mpya huonekana kwenye picha za uzinduzi. Sevisi ya regulata haionekani, na bajeti ikibana, matengenezo ya aina hiyo ni rahisi kuahirishwa. Kifaa kikikaa stoo miaka miwili bila kuguswa, oringi hukakamaa hata kama hakijawahi kuzamishwa.

Maswali ya kuuliza si magumu. Kila regulata ilikaguliwa lini? Na nani? Mitungi imejaa leo? Majibu yanatosha kwenye kadi ndogo iliyofungwa kwenye kifaa. Diwani, mbunge au mwandishi wa habari anaweza kuomba kuiona kabla ya ajali nyingine. Wavuvi wa Kagera na Mwanza wameshaonyesha kwamba watafika. Wanaotakiwa kuwakuta pale wawe na hewa.